Ukoko

Mwaka ule ng'ombe wa jirani walianguka malishoni,
miguu imekufa ganzi, macho yakiuliza.
Samaki wakaelea kijitoni, matumbo juu,
na Sixten akarudi kutoka handakini
vidole vyake havivihisi vifungo vya shati.

Gunvor ndiye aliyemvua koti.
Gunvor ndiye aliyemfunga kamba za viatu
majuma matatu, pasipo neno.
Huko chini walikuwa wakiziba nyufa za mwamba
kwa gundi ya majimaji. Maji ya mlima yaliikataa,
yakaitoa nje, yakakikabidhi kijito.

Wakaja watu wa maabara na sindano.
Damu ya wachimbaji, chupa kwa chupa.
Kisha wakaomba damu safi ya kulinganishia,
ya mtu asiyewahi kuukanyaga mlango wa ule mlima.
Gunvor akakunja mkono wa sweta.
"Mimi? Mimi ni wa jikoni tu."

Kipimo cha Sixten kilikuwa juu, kama walivyotarajia.
Cha Gunvor kilitakiwa kuwa sifuri.
Hakikuwa.
Kidogo tu, kama chumvi iliyosahaulika kwenye ncha ya kidole.
Wakaosha chupa. Wakapima tena.
Damu ya mwalimu, ya tarishi, ya kasisi asiyevuta hata kiko:
sifuri haikupatikana kijiji kizima.

Kikulacho ki nguoni mwako, sisi husema.
Na nikilacho?

Jibu lilichukua miaka,
likaja redioni, asubuhi ya Aprili, theluji ikidondoka paani,
Gunvor amesimama na mwiko,
viazi vikilia kwenye siagi.
Akrilamidi, alisema mtangazaji, ulimi ukijikwaa.
Si ya handakini peke yake. Huzaliwa
pale sukari ya kiazi na chembe fulani ya protini
zinapokutana kwenye moto mkavu
na kukubaliana kuwa kahawia.
Imo kwenye chipsi, kwenye mkate mkavu wa rai, kwenye buni iliyokaangwa.
Panya waliolishwa nyingi walipata uvimbe.
Kwa binadamu, huenda.

Huenda!
Gunvor alizima redio. Hakuzima jiko.

Haya alinisimulia miaka mingi baadaye, nikimmenyea viazi.
Kwa lugha yangu wanga ni ule unga mweupe wa kiazi,
na wanga ni wale watembeao uchi usiku wa manane.
Sikumwambia. Pengine angecheka.

Alichokumbuka yeye ni mama yake, Ingegerd,
miaka ya kadi za mgao,
akikwangua sufuria kwa kisu kisicho na mpini,
akimpa ukoko aliye mdogo kuliko wote.
Kahawia ilikuwa rangi ya kupendwa.
Nyeupe ilikuwa ya hospitali.

Siku hizi huviloweka vipande kwenye bakuli, robo saa,
humwaga maji yaliyofanya ukungu, huloweka tena.
Haviweki kwenye friji: kiazi kilicholala baridini
huamka na utamu, na utamu huo ndio kuni.
Huviepua vikiwa rangi ya nyasi za Agosti,
kabla havijafika rangi ya kiatu.
Hutia chumvi. Huita.

Sixten ana miaka themanini na moja. Vidole vimemrudia
isipokuwa kimoja, cha mwisho, mkono wa kushoto,
ambacho hukigonga mezani kama anayebisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.
Huitazama sahani kama mtu aliyepunjwa.
"Changu kiunguze pembeni," husema kila Jumamosi.
"Mimi nilikwisha kuunywa mlima."

Gunvor hajibu.
Hurudisha kipande kimoja kwenye mafuta,
hukiinamia, hukisikiliza,
na kabla hajaambiwa,
hukigeuza.